Wito Uliofika Forodhani

Picha ya mchoraji Caravaggio ya mwaka 1599 hadi 1600, iliyoko katika kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma, tuiite «Kuitwa kwa Mathayo» au «Wito wa Mathayo»? Nachagua la pili. Kuitwa kumekwisha; aliyeitwa keshajulikana. Wito umetoka tu, haujaitikiwa. Na ndivyo ilivyo pale: Yesu amenyoosha mkono, na wataalamu hadi leo wanabishana kama Mathayo ni yule mwenye ndevu anayeelekeza kidole, au ni kijana aliyeinamia sarafu mwisho wa meza. Wahenga waliotuambia tusikatae wito, tukatae neno, walijua kuwa hivyo ni vitu viwili.

Mathayo anaitwa akiwa wapi? Watafsiri wa Biblia ya Union walimkalisha forodhani, na sijaona chaguo bora zaidi. Forodha imetoka katika Kiarabu, kwenye neno la mahali vyombo vinapofikia na kutozwa. Kapernaumu ulikuwa mji wa ufukweni, kando ya ziwa, na Forodhani ya Unguja nayo iko ufukweni. «Ofisi ya kodi» ingetupa jengo na kutunyima maji.

Kwa hiyo pia tubaki na mtoza ushuru, tusimfanye mkusanya kodi. Kodi twamlipa hata mwenye nyumba. Ushuru una asili ya fungu la kumi, na kutoza ni kutoa kulikonyambuliwa: kumfanya mtu atoe. Kukusanya hakuna shuruti hiyo. Tazama vidole vya yule kijana juu ya sarafu, utaona kitenzi chenyewe kikifanya kazi.

Jina la rangi ya picha hii, rangi ya mafuta, linanitatiza. Ukiiomba dukani unapewa kopo la kupakia milango na madirisha. Turubai nalo linafunika mizigo kwenye lori. Lakini kitambaa cha wachoraji wa enzi ile kwa kawaida kilifumwa kwa nyuzi za kitani, na mafuta ya kuchanganyia rangi mara nyingi yalikamuliwa kutoka mbegu za mmea huohuo. Neno kitani tunalo tangu zamani, tulilipata kwa Waarabu. Napendekeza tuseme rangi ya kitani juu ya kitambaa cha kitani. Najua wako waliotumia mafuta ya jozi. Jina halilazimiki kubeba kila kighairi.

Kuchora je? Wapo wanaoona kitenzi hiki ni chembamba mno kwa kazi ya brashi, wangependa kupaka. Nawasihi wakumbuke fundi wa milango ya Unguja: yeye huchora nakshi kwa patasi. Kuchora kwa asili ni kutia alama kwa ncha kali. Caravaggio hakuacha hata mchoro mmoja wa karatasi uliothibitishwa kuwa wake, ila katika picha zake kadhaa imeonekana mistari aliyoikwaruza kwenye tabaka la chini lilipokuwa bado bichi. Huyo ni mchoraji kwa maana zote mbili.

Jina la enzi yake, Baroko, tuliache lilivyo. Yasemekana asili yake ni jina la Kireno la lulu yenye umbo la kombo, na «lulukombo» lingependeza masikioni, lakini jina la enzi halihitaji tafsiri.

Kiaroskuro, yaani kukinzanisha nuru na giza pichani, ndilo linalodai jina letu. «Mwanga na kivuli» ni maelezo, si istilahi. Tena kivuli ni kidogo mno kwa ukuta mweusi wa picha ile. Nasema nurugiza. Kwenye garimoshi, moshi unaeleza gari ni la namna gani. Kwenye nurugiza, giza linaeleza nuru. Dirisha limechorwa juu kabisa, na wala halileti mwanga wowote. Nuru inaingia kutoka kulia, juu ya kichwa cha Yesu, inashika mkono wake, kisha nyuso za walioketi mezani. Pasipo giza lile isingekuwa na njia ya kuonekana. Nurugiza hii, nurugiza hizi: neno linakubali ngeli bila kusukumwa, na walimu wa sanaa wanaweza kuanza kulitumia darasani.