Kauli Moja na Mustakabali wa Tathmini za Mazingira Duniani

Mwishoni mwa Oktoba 2025 wajumbe wa serikali walikutana Nairobi, makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ili kupitisha muhtasari kwa watunga sera wa toleo la saba la ripoti ya Mtazamo wa Mazingira Duniani, maarufu kwa kifupi GEO. Waliachana bila muhtasari. Ripoti yenyewe, kazi ya wanasayansi 287 kutoka nchi 82, ilitolewa Desemba mwaka huohuo, wakati wa kikao cha saba cha Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEA), ikikosa zile kurasa chache ambazo mawaziri huzisoma kweli. Ni rahisi kulieleza tukio hili kuwa ni sayansi kushindwa na siasa za mafuta. Maelezo hayo yana ukweli, ila yanaanzia mwisho wa kisa. Mkwamo ulikuwa umeandaliwa miaka kadhaa kabla, serikali zilipokaa kupanga tathmini za baadaye ziweje. Hoja yangu ni kwamba tathmini hizi zitaendelea kukwama mpaka ibadilishwe kanuni moja, ile inayotaka kila sentensi ya muhtasari ikubaliwe na wote.

GEO ya kwanza ilitoka 1997. Baada ya toleo la sita kuzinduliwa Machi 2019, UNEA iliagiza mchakato mzima utazamwe upya. Mashauriano yakafanyika, na mwaka 2022 likapitishwa azimio kwamba GEO iendelee kuwa tathmini ya kiserikali inayoongozwa na wataalamu na kuhitimishwa kwa muhtasari unaojadiliwa na serikali. Uamuzi huo ulionekana wa busara, kwani muhtasari wa toleo la sita ulikuwa umepitishwa Nairobi Januari 2019. Kilichosahaulika ni kuandika nini kifanyike iwapo makubaliano hayatapatikana. Palipo na kanuni ya kauli moja isiyo na njia mbadala, kila mjumbe anaingia ukumbini na kura ya turufu mfukoni, na asiyetaka muhtasari wowote hana haja ya kushinda hoja. Inatosha asikubali mpaka muda uishe.

Turufu hiyo haitumiki kwenye sentensi peke yake. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) lilianza mzunguko wake wa saba Julai 2023. Istanbul, Sofia, Hangzhou, kisha Lima mwishoni mwa Oktoba 2025: vikao vyote hivyo vilishindwa kuafikiana juu ya ratiba kamili ya ripoti zake kuu. Swali linaloonekana la kiofisi tu ni kama ripoti ziwe tayari kabla ya tathmini ya pili ya utekelezaji wa Mkataba wa Paris, itakayofanyika 2028. Kwa hakika hilo ndilo swali zito kuliko yote, maana matokeo yakichelewa kufika mezani hayamlazimishi mtu kitu, hata yawe sahihi kiasi gani. Ratiba ni chombo cha madaraka. Anayeishika anaweza kukiri sayansi yote bila kuumia.

Watetezi wa kauli moja wana jibu, nalo si dogo. Wanasema muhtasari ulioridhiwa neno kwa neno unaifunga serikali, ambayo haitaweza kesho kuyakana iliyoyakubali jana. Historia inatia shaka. Oktoba 2018, mjini Incheon, serikali ziliidhinisha muhtasari wa ripoti ya IPCC kuhusu ongezeko la joto la nyuzi 1.5. Miezi miwili baadaye, kwenye mkutano wa tabianchi wa Katowice, Marekani, Saudi Arabia, Urusi na Kuwait zilizuia mkutano huo usitamke kwamba umeikaribisha ripoti ileile. Kama ridhaa ya Oktoba haikufika hata Desemba, gharama yake ni kubwa mno. Isitoshe, Itifaki ya Montreal ya 1987, ya kulinda tabaka la ozoni, inaendeshwa kwa namna nyingine. Majopo yake ya wataalamu hutoa tathmini angalau kila miaka minne, na serikali hazijadiliani juu ya sentensi zao. Hujadiliana juu ya hatua za kuchukua. Utaratibu huo ndio uliozaa Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanayopunguza gesi za HFC. Nakiri kwamba gesi za majokofu hazina watetezi wengi kama mafuta na makaa ya mawe, lakini tofauti hiyo haielezi kila kitu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka Kusini. Baadhi ya nchi zinazoendelea zinadai kwamba ratiba ya haraka huwapunja wanasayansi wao, wasio na fedha za utafiti wala wasaidizi wa kupitia rasimu, na kwamba meza ya makubaliano ndiyo ngao yao dhidi ya maandiko ya Kaskazini. Malalamiko ni ya haki, dawa siyo. Berlin mwaka 2014 turufu iliondoa kwenye muhtasari wa IPCC michoro iliyoonyesha uzalishaji wa gesijoto kwa makundi ya nchi kulingana na kipato, na msomaji akakosa taarifa. Ushawishi wa kweli upo mapema: serikali hupendekeza waandishi, huidhinisha muundo wa ripoti na hutoa maoni juu ya rasimu. Nchi isiyopendekeza mwandishi wala kutuma maoni haiwezi kufidia pengo hilo usiku wa mwisho kwa kufuta aya.

Kwa hiyo serikali zibaki na mamlaka ya kuuliza maswali na kupendekeza waandishi, na tarehe ziwekwe mapema kwa kufuata kalenda ya mikataba. Makubaliano yatafutwe kwa siku zilizopangwa. Yakishindikana, muhtasari wa waandishi utoke kwa jina lao, na kila pingamizi lichapishwe pembeni likiwa na jina la nchi iliyolitoa. Nchi za Afrika zina kila sababu ya kulipeleka pendekezo hili UNEA, tena mapema, kabla mipango ya toleo la nane haijafungwa.