Serengeti (jina)

Serengeti ni jina la hifadhi ya taifa na pia la wilaya ya Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania.

Asili yake ni neno la Kimaasai *siringet*, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa "mahali papana pasipo na mwisho". Lilihusu nyanda za nyasi walikolisha mifugo yao.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitenganishwa nayo, na Wamaasai waliokuwa ndani ya hifadhi wakahamishiwa huko. Jina lao lilibaki.

Leo katika Wilaya ya Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, wenyeji wengi ni Wakuria, Wangoreme, Waikoma na Wanata, ambao lugha zao ni za Kibantu. Wakuria wanaishi pia katika wilaya jirani ya Tarime.