Chembe Iliyohesabiwa Kabla ya Kuonekana

Mwaka 1934, mjini Osaka katika nchi ya Japani, mwalimu mmoja wa miaka 27, Hideki Yukawa, alisumbuliwa na swali. Ndani ya kiini cha atomu protoni zimesongamana, na umeme wa kila moja huisukuma nyingine. Mbona basi kiini hakivunjiki? Lazima iwepo nguvu inayozifunga, kali mno, lakini isiyofika mbali: ukitoka nje ya kiini, imekwisha. Yukawa akawaza kwamba nguvu hiyo huchukuliwa na chembe. Na kama vile mchukuzi mwenye mzigo mzito asivyokwenda mbali, chembe hiyo haina budi kuwa nzito. Akapiga hesabu: uzito wake ni kama mara 200 wa elektroni. Protoni ni mara 1836; ndiyo sababu chembe hiyo iliyo kati iliitwa baadaye mesoni, kwa neno la Kiyunani.

Mwaka 1937 Waamerika Anderson na Neddermeyer walitangaza chembe mpya katika mionzi itokayo angani, yenye uzito karibu uleule. Wengi wakasema, ndiyo hii. Kumbe siyo!

Waliogundua hayo walikuwa vijana watatu wa Roma: Conversi, Pancini na Piccioni. Mabomu yalipoupiga mtaa wa San Lorenzo, Julai 1943, jirani na chuo kikuu chao, Conversi na Piccioni walihamisha vyombo vyao mpaka chini ya shule moja karibu na Vatikano, wakitumaini kwamba huko ndege hazitapiga. Hawakuuliza uzito wa chembe tu, bali matendo yake. Chembe ya Yukawa yenye umeme hasi ingemezwa mara moja na kiini. Lakini hii, ilipokamatwa katika kaboni, ilikaa karibu na kiini mpaka ikafa yenyewe. Ilifanana na mwana wa nyumba, lakini nyumba haikumjua.

Jibu lao lilitolewa mwaka 1947. Mwaka uleule Powell na wenzake wa Bristol, Uingereza, walichunguza mabamba ya picha yaliyowekwa juu ya milima, Pic du Midi huko Ufaransa na Chacaltaya huko Bolivia. Wakaona alama za chembe inayosimama na kuzaa nyingine. Mzazi, uzito mara 273, ndiye wa Yukawa, aitwaye leo pioni. Mtoto, mara 207, ndiye yule wa mwaka 1937. Siku hizi anaitwa muoni, wala hahesabiwi tena kuwa mesoni. Ajabu ni kwamba namba ya Yukawa ilimkaribia mtoto kuliko mzazi.

Yukawa alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1949, Mjapani wa kwanza kuipata.