Taka za Paris na Soko Lake
Mwaka 1883 Eugène Poubelle, mkuu wa mkoa wa Seine, aliamuru wakazi wa Paris watenganishe taka: mabaki ya jikoni kivyake, karatasi na matambara kivyake, vioo na makombe ya chaza kivyake. Waokota taka walipinga vikali, na utenganishaji haukushika. Je, amri ilikosa meno? Sidhani, maana pipa la taka, lililoagizwa na amri hiyohiyo, lilishika mizizi. Tatizo lilikuwa soko: wakulima wa mboga wa pembezoni walikuwa wakitumia uchafu wa mji kama mbolea hata ukiwa umechanganyika (pua zao tuziache). Mbolea za viwandani zilipoenea, na taka zikajaa bati na vioo, soko likafifia. San Francisco nayo ililazimisha utenganishaji mwaka 2009, lakini mboji yake ina mnunuzi: mashamba ya mizabibu.