Kunde za Kakapel: jinsi kilimo kilivyoingia magharibi mwa Kenya

UGALI wa wimbi na mboga ya kunde, ambayo Waluhya huiita likhubi, ni chakula kinachofahamika vyema katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, na katika vijiji vya jirani. Hata hivyo, wimbi na kunde hazikufika eneo hilo kwa njia moja, wala kwa wakati mmoja.

Ushahidi wa jambo hilo umepatikana Kakapel, pango la mwamba lililoko Kaunti ya Busia, karibu na Mlima Elgon na mpaka wa Uganda. Wataalamu wa akiolojia wakiwemo Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Steven Goldstein na Natalie Mueller walichunguza mabaki ya mimea yaliyofukuliwa hapo, na matokeo yakachapishwa Julai 2024.

Awali, historia ya kilimo cha eneo hili ilitegemea zaidi vigae vya vyungu, mabaki ya chuma na ulinganishaji wa lugha. Mbegu zenyewe zilikuwa adimu, kwani katika nchi ya joto na mvua huoza upesi. Zinazodumu ni zile zilizoungua motoni zikawa makaa. Udongo wa pangoni hutiwa majini. Mchanga huzama, makaa huelea, na mbegu zikaokotwa na kupimwa umri.

Watu wa kwanza kuishi Kakapel, yapata miaka 9,000 iliyopita, hawakulima. Walikuwa wawindaji, wavuvi na waokotaji wa matunda. Mbegu za kunde zilizopatikana hapo zina umri wa miaka 2,300 hivi, wakati ambapo wasemaji wa lugha za Kibantu wanadhaniwa kuanza kuingia eneo la Ziwa Viktoria. Kunde zilitokea Afrika Magharibi.

Mtama ulianza kulimwa upande wa Sudan, huku wimbi likiwa zao la nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kufikia miaka 1,000 iliyopita, wimbi lilikuwa limeshika nafasi kubwa Kakapel. Hata punje ya njegere iliyoungua ilipatikana.

Ufugaji nao ulitangulia jembe. Mifugo ilifika kandokando ya Ziwa Turkana takriban miaka 5,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya dalili za kilimo kuonekana magharibi mwa Kenya. Huko Mashariki ya Kati, kinyume chake, nafaka na mifugo vilikwenda karibu pamoja, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Mifupa ya wakazi wa kale inaafiki hayo. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mtu aliyezikwa Kakapel miaka 3,900 hivi iliyopita alikuwa wa ukoo wa wawindaji wa kale, ilhali waliozikwa karne nyingi baadaye walikuwa na asili iliyochanganyika.

Kwa hiyo kilimo hakikuletwa na kabila moja lililowafukuza wengine wote. Kilijengwa tabaka juu ya tabaka: mgeni alileta mbegu, mwenyeji alijua msitu na mto, mfugaji alikuwa na maziwa na nyama. Waliishi jirani, wakabadilishana vyakula, maneno na hatimaye watoto.

Mahindi, ambayo leo ndiyo yanayotawala mashamba na meza, ni mgeni wa juzi. Asili yake ni bara la Amerika, na yalienea magharibi mwa Kenya hasa katika karne ya 20. Mwaka 2011, maradhi yanayokausha mahindi shambani yaligunduliwa Bomet, na wakulima wengi wakaonja hatari ya kutegemea zao moja.

Wazee wa Kakapel hawakuweka tegemeo lao kwenye mbegu moja. Walipopata zao jipya walilijaribu kando ya lile la zamani. Mkulima wa Kakamega anayetenga kipande cha shamba kwa wimbi, mtama na kunde anafuata desturi iliyowahi kuwalisha watu wa eneo hili kwa zaidi ya miaka elfu mbili.