Kimvita kilivyosikika uwanjani na kwenye taarabu

Mcheza kwao hutunzwa. Ndivyo wanafunzi wangu wanavyoiandika methali hii, na ndivyo ilivyo katika vitabu vingi vya shule. Lakini keti barazani Mji wa Kale, Mombasa, karibu na wazee waliokwisha kupita miaka sabini, uisikie vingine: mteza kwao hutuzwa. Kwa sikio la mgeni tofauti ni ndogo. Kwa mwanaisimu ni habari nzima.

Kuteza ndiko kucheza kwa Kimvita, kama vile mtele ulivyo mchele na kuteka kulivyo kucheka. Na kutuza si kutunza. Kutuza ni kumpa mtu zawadi mbele za watu kwa jambo alilolitenda likapendeza. Humo ndimo tulimopata neno tuzo. Kutunza ni kukiweka kitu kisiharibike. Najua kamusi zinairuhusu “tunza” ibebe maana zote mbili, na sitagombana nazo leo. Ila kwa Mombasa napenda maneno hayo yabaki mbalimbali, kwa sababu historia ya kisiwa hiki katika michezo na nyimbo ni historia ya kutuza sana na kutunza kidogo.

Turudi nyuma. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyochapishwa 1882 ilijaa maneno ya hapa. Kwa muda ilielekea kwamba Kimvita kina nafasi nzuri ya kuvishwa joho la usanifu. Kisha, Juni 1928, wajumbe kutoka maeneo ya Afrika Mashariki yaliyokuwa chini ya Waingereza wakakutana Mombasa hii hii, wakakichagua Kiunguja. Naam, lahaja ya Mombasa iliwekwa kando Mombasa.

Sisi tuliosoma miaka ya 60 na 70 tulikuta meza imekwisha kuandaliwa. Ukisema “yuwaja” darasani, mwalimu anakusahihisha: sema “anakuja”. Simlaumu, mtihani ulitaka hivyo. Lakini kengele ya jioni ikishalia, palikuwapo mahali pawili ambapo hakuna aliyekusahihisha, na pote pawili palifurika watu: uwanja wa mpira na hafla ya taarabu. Mimi nadai kwamba huko ndiko Kimvita kilikoendelea kusemwa kwa sauti ya juu, hadharani, bila haya, muda mrefu baada ya kuondolewa vitabuni. Kilisemwa majumbani pia, bila shaka, lakini lugha ya jikoni ni jambo moja na lugha inayopigiwa kelele na maelfu ni jambo jingine.

Nianze na mpira. Mombasa ya utoto wangu ilikuwa na timu zake, Feisal, Liverpool (ya hapa hapa, si ile ya Uingereza), Mwenge, na nyinginezo. Feisal ndiyo iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, ligi yenyewe ikiwa imeanzishwa 1963. Wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa, lakini ubingwa ule ulisimuliwa kwetu kila mfungo na kila Idi, na jina la Ali Kajo tulilijua kabla ya kujua majina ya mawaziri. Nilipofika umri wa kwenda uwanjani, ami yangu ndiye aliyekuwa akinichukua hadi Uwanja wa Manispaa, mimi nimeshika pindo la kanzu yake nisipotee.

Kanzu hiyo nayo ilikuwa ndani ya mchezo. Mchezaji akiupitisha mpira juu ya kichwa cha mpinzani na kuupokea upande wa pili, amemvisha kanzu. Akiupitisha katikati ya miguu, ni tobo. Akimhadaa akampita, amempiga chenga, neno lililotokana na kuchenga, kukwepa. Mpira wenyewe ni gozi, kwa sababu ngozi ukiikuza inakuwa gozi. Tazama jinsi msamiati huu ulivyogawika: vyeo na sheria vilitoka kwa Mwingereza, kipa, refa, winga, fulbeki, kona, penalti, lakini ufundi, yaani yale yanayowafanya watu wasimame, ulipewa majina ya nyumbani. Hakuna kamati iliyoketi kuyasanifu. Watu waliona kanzu ikivishwa kila Ijumaa, wakaiona tena kwenye nyasi.

Na zile kelele! “Yuwaja huyo! Mzuiyeni!” “Mpe mwenzio naye ateze!” Wachukuzi wa bandarini, maseremala wa Mji wa Kale, makarani, wauza kahawa, Waswahili, Wamijikenda, Waarabu, Wahindi, na ndugu kutoka bara waliokuja kutafuta kazi, wote walitia mdomo. Aliyehamia juzi alijifunza kusema “wendapi wewe?” kwa kumzomea mshambuliaji aliyeotea, kabla hajajifunza kuulizia bei ya samaki.

Baadhi ya mashabiki walikuja na redio ndogo za betri, wakaziweka sikioni huku wanautazama mchezo ule ule kwa macho. Watu wa leo hili huwachekesha. Lakini waliitaka ile sauti. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town ng'ambo ya kisiwa, alikuwa akitangaza mpira kwa Kiswahili sanifu kilichonyooka, na mtu aliyeketi pale alikuwa na Kiswahili viwili kwa wakati mmoja: sikio moja “anakuja”, sikio la pili “yuwaja”. Sijui kama kuna darasa la lahaja lililo bora kuliko hilo.

Ushindani wenyewe haukuletwa na mpira. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulikuwa na makundi ya beni, neno lililozaliwa na “bendi” ya Kiingereza, na makundi kama Kingi na Skochi yalishindana kwa ngoma, mavazi, gwaride na nyimbo za kurushiana. Wanawake walikuwa na lelemama zao, na ushindani wao haukuwa mdogo. Nyuma zaidi kuna Miji Kumi na Miwili, Tisa Taifa na Tatu Taifa. Ukiwa na historia ya namna hiyo, timu mbili za mpira si jambo geni. Ni pande mbili zile zile zimevaa kaptura.

Sasa taarabu, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndipo moyo wangu ulipo.

Ilikuwa ni harusi. Turubai limefungwa kutoka ukuta mpaka ukuta, mikeka imetandikwa, udi wa kufukiza unapambana na moshi wa mishikaki. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi 1942, anakaa na wapigaji wake na kuanza wimbo ambao mahadhi yake yametoka kwenye filamu za Kihindi, lakini maneno ni ya pwani tupu. Watu walimpa cheo cha Profesa bila chuo kikuu chochote kuhusishwa. Mimi niliyekipata kwa njia ndefu sijawahi kuona kwamba hakukistahiki. Usiku mwingine ni Zein l'Abdin wa Lamu, aliyehamia Mombasa na udi wake wa nyuzi, mtulivu, hana haraka. Usiku mwingine ni Zuhura Swaleh na mdundo wa chakacha na ile tashkota, kinanda cha vibonyezo chenye asili ya Japani. Au Maulidi Juma. Au Malika. Ulikuwa hununui tikiti. Ulikuwa unajua harusi ni ya nani.

Kinachonishughulisha ni lile tendo la kutuza. Mwimbaji anafika ubeti fulani. Mwanamke mmoja anainuka, anakwenda polepole kwa madaha, noti ameishika juu ionekane. Hapiti njia fupi. Anazunguka, anampitia fulani karibu, kisha ndipo anamkabidhi mwimbaji. Hajatamka neno, lakini kila aliyeketi pale ameshaelewa kwamba ubeti ule umemhusu nani. Mshairi alitunga fumbo, mwimbaji akalitoa, na mwenye noti akalifumbua. Bila yule wa tatu wimbo haujakamilika. Ndiyo maana nasema kanda iliyorekodiwa studio haitoshi kuifundishia taarabu ya Mombasa: ina maneno, lakini haina aliyeinuka.

Na mshairi je? Mara nyingi yuko nyumbani amelala. Ahmad Nassir Juma Bhalo alimtungia nduguye mwimbaji nyimbo nyingi, na jina lake tunalijua kwa sababu mwaka 1971 kilitoka kitabu, Malenga wa Mvita, kilichohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyemtungia Zein, tunamjua kwa utafiti wake na kwa maneno aliyoyaunda, runinga na ngamizi miongoni mwayo. Hao wamepona kwa kuwa waliandikwa. Lakini nyimbo nyingi za harusi zilizoimbwa mbele yangu sijapata kumwona mtu anayeweza kuniambia kwa uhakika zilitungwa na nani. Mwimbaji alituzwa. Mtunzi hakutuzwa wala kazi yake haikutunzwa.

Tuwatazame jirani zetu. Mwaka huo huo wa 1928, wakati wajumbe wakikutana Mombasa, Siti binti Saad wa Unguja alikuwa akisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri. Baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Zanzibar ilimtuza Siti na ikamtunza. Sisi tulikuwa na Mbwana Radio Service pale Mji wa Kale, ambako kanda za harusi zilinakiliwa na kuuzwa, na bila duka hilo tungekuwa maskini zaidi. Lakini kanda ni kitu cha plastiki, na hewa ya pwani ina chumvi.

Mwaka 2007 nilishuhudia tukio kubwa zaidi la michezo nililowahi kuliona kisiwani. Machi 24, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa, kando ya bahari, mara ya kwanza nchini Kenya. Joto lilikuwa la kupika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye kwa miaka mitano mfululizo alikuwa ameshinda mbio zote mbili za wanaume, ndefu na fupi, aliishiwa nguvu akaacha mbio karibu na mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, Moses Mosop wetu wa pili. Upande niliosimama watu waliruka kama walioshinda wao. Nilitega sikio, ndiyo kazi yangu. Nilisikia Kiswahili cha Nairobi, Sheng, Kikalenjin, Kiingereza. “Yuwaja” niliisikia mara moja tu, kutoka kwa mzee aliyekuwa nyuma yangu, na vijana wawili walimgeukia kumtazama.

Tangu hapo Juma Bhalo amefariki, 2014. Zein, 2016. Nabhany, 2017. Uwanja wa Manispaa ulifungwa ujengwe upya, na kwa miaka mashabiki wa kisiwani wakawa wanapita nje ya uzio. Harusi zipo, ila nyingi sasa zina spika kubwa na simu iliyochomekwa waya.

Kwa hiyo nimebadilisha zoezi ninalowapa wanafunzi wangu. Nawapa kanda ya harusi ya zamani, iliyorekodiwa papo hapo, na kuwaagiza wasiuandike wimbo. Waandike yaliyo katikati: vigelegele, maneno ya kando, kikohozi, anayeomba maji, anayemwita mwanawe. Humo ndimo Mombasa ilimo. Juzi mmoja wao, msichana hodari kutoka bara, aliniletea orodha yake. Kwenye kanda, baada ya ubeti wa tatu, watu wanaanza kusimama kwenda kutuza na sauti ya bibi mmoja inawaamuru: “Mwateni amalize!” Mwanafunzi wangu ameliandika neno la kwanza peke yake, kwenye safu ya majina ya watu waliotajwa, na mbele yake ameweka alama ya kuuliza: huenda ni mpiga ngoma. Nimelizungushia duara na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: kuwata, Kimvita, ni kuacha, mwacheni amalize. Halafu nikamwomba ajitayarishe Jumamosi twende Mji wa Kale, bibi huyo atafutwe kama yuko hai.