Saikolojia tiba

Saikolojia tiba ni tawi la saikolojia linalopima na kutibu matatizo ya akili, hisia na tabia. Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya fani hii mwaka 1896 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani; mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa mvulana aliyeshindwa kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Mkutano wa Boulder, Colorado, wa mwaka 1949 kuhusu mafunzo ya fani hii ulitaka mtaalamu awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja. Kwa mtazamo huo huo, semina za shahada ya kwanza, hata za mtandaoni, mara nyingi husisitiza kuchambua tafiti na visa. Haziruhusu wanafunzi kutibu, na ni sawa: kazi hiyo hujifunzwa mbele ya mgonjwa, chini ya msimamizi, kwa kawaida katika masomo ya uzamili au uzamivu.